Mchicha Nao Upewe Nafasi Kwenye Sherehe ya Darasa

Hapa Dodoma, wazazi wanapochangia sherehe ya darasa ya kufunga shule, wengi hupeleka soda, keki, biskuti na pipi, huku mboga za majani zikibaki nyumbani kusubiri ugali. Sikubaliani na mgawanyo huo. Mtoto anayekula mlenda na mchicha siku zote, kisha akaona kwamba kila penye furaha mboga hazipo, atajifunza upesi kuwa mboga ni chakula cha kuvumilia tu. Kwa sababu hiyo, mchango wangu kwa darasa la mwanangu ni pai ya mboga, iliyo wazi juu na isiyo na sukari, nami ningependa wazazi wenzangu waijaribu.

Ganda lake halina ugumu. Gramu 200 za unga wa ngano na 50 za unga wa uwele hufikichwa na gramu 125 za siagi na chumvi kidogo, kisha huongezwa maji baridi ya kushikanisha tu. Uwele hauna gluteni, yaani protini inayofanya unga wa ngano uvutike, kwa hiyo ganda huvunjika kwa urahisi mdomoni. Lakini ukiuzidisha, donge litapasuka unapolisukuma. Kwa joto letu la Desemba, ni vyema kazi hii ifanywe alfajiri, kabla siagi haijalegea.

Kinachoharibu pai nyingi ni maji ya mboga. Kaanga vitunguu, karoti zilizokunwa na pilipili hoho kwa mafuta ya alizeti mpaka pawe pakavu. Mchicha uchemshwe kwa dakika mbili, upozwe, kisha ukamuliwe kwa viganja mpaka libaki tonge gumu la kijani kibichi lisilodondosha hata tone, ndipo ukatwekatwe. Mafuta hayo yana faida nyingine, kwani mwili hupata vizuri zaidi vitamini A ya karoti na majani vinapoliwa pamoja na mafuta. Mayai 3 na mililita 200 za maziwa hushikanisha vyote.

Kukosa oveni si kikwazo, kwa kuwa wanaooka keki kwa jiko la mkaa wanajua kuweka makaa machache chini na mengi juu ya mfuniko. Ganda lioke peke yake kwanza mpaka likauke, ndipo umimine mboga na kuoka tena hadi katikati pashikane.

Mwalimu aambiwe mapema kwamba pai ina ngano, mayai na maziwa, maana wapo watoto wanaodhurika navyo. Pia, chakula chenye mayai hakifai kukaa kwenye joto la kawaida la chumba kwa zaidi ya saa mbili, hivyo sherehe ikianza saa nne asubuhi, pai itoke motoni saa tatu, ipoe kidogo na kukatwa vipande vidogo vinavyoshikika kwa mkono mmoja.