Shule Imefunguliwa, Mwalimu Yuko Wapi?

Kwa karibu miaka miwili, mjadala wa shule na korona katika Afrika Mashariki uliishia kwenye lango: lifunguliwe au libaki limefungwa. Wazazi walitaka watoto warudi darasani, madaktari wakaonya, vyama vya walimu vikalalamika, mawaziri wakatangaza tarehe kisha wakazibadilisha. Swali lililostahili kutangulia lilitajwa kwa nadra, tena kwa kupita tu: shuleni humo kuna walimu wangapi, na wawili wakiugua wiki moja, nani ataingia darasani? Ukianza na swali hilo, hoja za pande zote mbili zinachukua sura nyingine.

Kwanza tukumbushane yaliyotokea. Kenya ilitangaza kufunga shule Machi 15, 2020, Tanzania ikafuata siku mbili baadaye, na Uganda ikafunga Machi 20. Burundi haikufunga kabisa. Tanzania iliwarudisha wanafunzi wa vyuo na kidato cha sita Juni 1, na shule nyingine zote zikafunguliwa Juni 29. Kenya ilitangaza mwezi Julai kwamba mwaka wa masomo umepotea, halafu Oktoba 12 ikawaita Gredi ya Nne, Darasa la Nane na Kidato cha Nne, na waliobaki wakarudi Januari 4, 2021. Uganda ilifungua kwa mafungu, ikafunga tena Juni 2021, na ni Januari 10, 2022 ndipo watoto wote waliporuhusiwa kurudi. UNESCO ilihesabu wiki 83 za kufungwa kikamilifu au kwa sehemu nchini humo, muda mrefu kuliko nchi nyingine yoyote duniani.

Waliotaka shule zifunguliwe walikuwa na hoja nzito, na mimi niko upande wao kwa sehemu kubwa. Ilijulikana mapema kwamba watoto wadogo hawakuwa wakizidiwa na ugonjwa huu kama watu wazima. Vipindi vya redio na televisheni vilisaidia baadhi yao, lakini mtoto wa nyumba isiyo na umeme, au yenye simu moja ambayo baba hutoka nayo alfajiri, hakufaidika na chochote. Wapo waliokuwa wakipata mlo wao wa maana shuleni. Wapo wasichana ambao, shule ilipofungwa, walibaki bila kisingizio cha kukataa kuolewa. Mamlaka ya Taifa ya Mipango ya Uganda ilikadiria mwaka 2021 kwamba asilimia 30 ya wanafunzi huenda wasirudi tena, kwa sababu ya mimba, ndoa za mapema na ajira za watoto. Makadirio ya namna hiyo, yakitolewa na taasisi ya serikali yenyewe, yalipaswa kuwanyima viongozi usingizi.

Lakini hoja ya walimu walioogopa kurudi nayo haikuwa ya uvivu, kama ilivyosemwa na wengi mitandaoni. Wiki chache baada ya Kenya kufungua mwezi Oktoba 2020, shule mbili za sekondari mjini Mombasa zilifungwa baada ya walimu kupatikana na virusi, na mmoja wa wakuu wa shule hizo akafariki. Wilson Sossion, aliyekuwa Katibu Mkuu wa chama cha walimu cha KNUT, akataka shule zifungwe. Aliyepinga kauli yake alisema watoto hawaugui. Ni kweli, ila anayesimama mbele yao si mtoto. Walimu wakuu na manaibu wao hupandishwa vyeo baada ya miaka mingi ya utumishi, kwa hiyo wengi wamekaribia kustaafu, na si wachache wenye presha au kisukari. Waliokuwa katika hatari kubwa zaidi ndio waliokuwa wakiendesha shule.

Serikali ililiona hilo. Mwanzoni mwa Novemba mwaka huo, Rais Uhuru Kenyatta alielekeza kwamba wafanyakazi waliozidi miaka 58 na wenye maradhi yanayopunguza kinga wawezeshwe kufanyia kazi nyumbani. Katika ofisi, agizo hilo linatekelezeka. Darasani ni shida. Mwalimu wa hisabati wa miaka 59 akibaki nyumbani na simu yake, huku wanafunzi wake wakiwa shuleni bila simu, kazi anayoifanya ni ipi? Ama kipindi chake kipewe mwingine ambaye tayari ana vipindi vyake, ama kisifundishwe.

Hapa inafaa tukae kidogo na hesabu, maana ndiyo inayosema ukweli wote. Mwongozo wa usalama wa shule nchini Kenya, uliotolewa mwaka 2008, unasema chumba cha darasa chenye mita 7.5 kwa 5.85 kichukue wanafunzi 30 wanaokaa mmoja mmoja, au 40 wanaokaa wawili wawili kwenye dawati. Katika shule nyingi za umma, darasa la watoto 60 halimshangazi mtu. Ukitenganisha madawati kwa mita moja na kuacha nafasi ya ubao na mlango, watoto wapatao 20 wanakijaza chumba hicho. Kwa hiyo darasa moja la watoto 60 linakuwa makundi matatu. Shule ya madarasa manane yenye walimu wanane sasa inahitaji walimu 24, au la, kila mtoto apate theluthi ya masomo yake.

Vyumba vinaweza kutafutwa. Marehemu Profesa George Magoha, aliyekuwa Waziri wa Elimu, alisema watoto wangeweza kusomea hata chini ya miti, na alisutwa sana kwa kauli hiyo. Sikuona kosa katika mti. Vizazi vingi vimesomea chini ya mwembe. Tatizo ni kwamba chini ya kila mti anahitajika mwalimu, na hilo halikujibiwa.

Sasa chukua shule hiyohiyo ya walimu wanane, bila hata kugawa madarasa. Mwalimu mmoja anapata homa na kikohozi, anaambiwa akae nyumbani siku 14. Shule haina wa kumbadili. Mwalimu mkuu atafanya anachofanya kila mwalimu mkuu tangu zamani: ataunganisha madarasa. Darasa la Tatu litahamia kwa Darasa la Nne, watoto 120 katika chumba kimoja, wanne kwenye dawati la wawili, waliokosa nafasi wakae sakafuni karibu na ubao. Kipindi cha shule ya msingi ni dakika 35. Mwalimu akitumia nusu dakika tu kusahihisha daftari moja, madaftari 120 ni saa nzima, na kila daftari limetoka mkononi mwa mtoto kuja mkononi mwake. Mgonjwa mmoja amesababisha msongamano mkubwa kuliko uliokuwapo kabla hajaugua. Ndiyo maana nasema upungufu wa walimu ulikuwa sehemu ya hatari ya kiafya yenyewe. Shule yenye walimu wa ziada inaweza kumruhusu anayekohoa apumzike bila kuwasukuma watoto pamoja. Shule isiyo nao inamlazimisha mwalimu achague: aje akiwa mgonjwa, au awaache wenzake na darasa lisilobebeka.

Kwa nini hili halikuonekana Oktoba 2020? Kwa sababu madarasa matatu tu ndiyo yaliyorudi. Shule ilikuwa na walimu wake wote na vyumba vyake vyote kwa sehemu ndogo ya wanafunzi. Kwa wiki chache umbali uliwezekana, picha zikapigwa. Januari watoto wote walipoingia, umbali ukabaki kwenye mabango ya ukutani, tukategemea barakoa na ndoo za maji langoni.

Mtu anaweza kusema: basi, kama walimu ni wachache kiasi hicho, ingekuwa heri kufunga mpaka hali itulie. Hapa ndipo ninapoachana na watetezi wa kufunga, kwa sababu kufunga kwenyewe kulipunguza walimu. Shule za kibinafsi huishi kwa karo. Karo ilipokoma, mishahara ikakoma. Walimu wa BOM, wanaoajiriwa na bodi za shule za umma kuziba mapengo yaliyoachwa na TSC, tume ya serikali ya Kenya inayoajiri walimu, nao walitegemea fedha zilezile za wazazi. Huko Mwea, kaunti ya Kirinyaga, shule moja ya kibinafsi iligeuza madarasa kuwa mabanda ya kuku na uwanja ukapandwa mboga. Kenya na Uganda kote, walimu waliingia kwenye boda boda, ufyatuaji matofali, vibanda vya chakula na kilimo. Mtu akishakopa na kununua pikipiki, akaona inalisha watoto wake, humwambii arudi kwa mshahara mdogo wa kufundishia, tena unaocheleweshwa. Kila mwezi wa kusubiri usalama uliondoa baadhi ya watu ambao usalama huo ungewahitaji. Uganda ilipofungua Januari 2022, kuna shule za kibinafsi ambazo hazikufungua tena, na watoto wao wakamiminika kwenye shule za serikali ambazo tayari zilikuwa zimejaa.

Wanaodhani haya ni matatizo ya nchi maskini watazame Januari hiyohiyo ya 2022 ng'ambo. Wimbi la Omikroni, aina mpya ya virusi vya korona wakati huo, liliwalaza walimu wengi kwa pamoja. Nchini Marekani, gavana wa New Mexico, Michelle Lujan Grisham, aliwaomba askari wa akiba wa jimbo na watumishi wa serikali waingie madarasani kama walimu wa muda, na yeye mwenyewe akaenda kufundisha watoto wa chekechea mjini Santa Fe. Oklahoma iliwaruhusu watumishi wake wafanye vivyo hivyo, na katika mji wa Moore polisi walionekana wakisimamia madarasa. Chicago, chama cha walimu kilipiga kura ya kufundisha kwa mtandao, halmashauri ya shule ikakataa na kufuta masomo, na watoto wakakosa siku tano za shule. Uingereza, tangu Desemba 2021, Waziri wa Elimu wa wakati huo, Nadhim Zahawi, aliwaomba walimu waliostaafu au kuacha kazi warudi.

Je, askari darasani ni bora kuliko lango lililofungwa? Kwa wiki moja au mbili, ndiyo. Mtoto yuko mahali salama, anakula, mzazi anaenda kazini. Muuguzi ambaye mtoto wake yuko shule anaweza kwenda zamu hospitalini, na wakati wa janga hilo si jambo dogo. Ila hatupaswi kuhesabu siku hizo kuwa siku za masomo. Kwetu askari hakuhitajika, kwa kuwa tuna desturi yetu: kiranja anasimamishwa mbele na kijiti cha chaki, anaandika majina ya wapiga kelele, wengine wananakili kurasa za kitabu mpaka kengele. Kwenye takwimu za wizara darasa hilo limefunguliwa na wanafunzi wamehudhuria.

Yapo yaliyowezekana. Rwanda ilitumia miezi ya kufungwa kujenga madarasa zaidi ya 22,000, kwa nguvu za wananchi na serikali, na ikaajiri maelfu ya walimu kabla na baada ya kufungua mwezi Novemba 2020. Mtu anaweza kuuliza kuhusu maandalizi ya walimu walioajiriwa kwa haraka namna hiyo, na ni swali la haki, lakini mwelekeo ulikuwa sahihi: muda wa kufungwa ulitumiwa kupunguza msongamano wa siku ya kufungua. Kenya nayo, Mei 2020, ilitenga shilingi bilioni 6.5 katika mpango wa kufufua uchumi, ambamo walimu 10,000 wangeajiriwa kwa mikataba ya muda na madawati 250,000 kununuliwa kwa mafundi wa jua kali. Ilikuwa hatua njema, ila dawati moja kwa mtoto mmoja bila mwalimu wa kundi la pili linaishia kurudishwa kwenye chumba kilekile.

Ningebadilisha pia mpangilio wa kurudi. Denmark, Aprili 2020, ilianza na watoto wadogo katika vikundi vidogo. Sisi tulianza na watahiniwa, kwa sababu mtihani wa taifa ndio unaotawala kalenda. Mwanafunzi wa Kidato cha Nne anaweza kusoma peke yake kwa wiki kadhaa akipewa vitabu na maswali. Mtoto wa Darasa la Kwanza asiyejua bado kuunganisha silabi hawezi. Kama walimu ni wachache, wapelekwe kwanza mahali ambapo hakuna kinachoweza kuchukua nafasi yao. Najua wazazi wa watahiniwa watapinga, na wana sababu, maana cheti ndicho kinachofungua mlango wa kazi. Bado naona watoto wadogo walilipa gharama kubwa zaidi kwa sababu hawakuwa na mtihani wa kuwatetea.

Suala hili halijatuacha. Novemba 2022, miezi kumi tu baada ya kufungua, Uganda ilitangaza kufunga muhula wiki mbili mapema kwa sababu ya Ebola, baada ya maambukizi 23 miongoni mwa wanafunzi wa Kampala, Wakiso na Mubende, wanane kati yao wakiwa wamefariki. Safari hii haikufunga bila kikomo. Uamuzi ulikuwa na tarehe, na ulipunguza siku za watoto kukaa pamoja bila kuvunja mwaka. Kinachosalia bila jibu, Uganda na Kenya pia, ni nani atamlipa mwalimu wa BOM au wa shule ya kibinafsi katika wiki ambazo serikali yenyewe imeamuru akae nyumbani. Mfuko wa dharura wa kumlipa mwalimu huyo, hata nusu ya mshahara, uwekwe kwenye bajeti ya elimu kabla ya mlipuko mwingine, na orodha ya majina yao iwe tayari katika kila ofisi ya elimu ya kaunti na wilaya.