Diwani wetu ana muhuri, pesa hana

Kuna makala inayosema halmashauri zetu Tanzania zimelala kwa sababu madiwani hawajui sheria. Sikubaliani na mwandishi wake. Shida inaanzia juu, kwenye Katiba yenyewe. Ibara ya 145 na 146 zinazitaja Serikali za Mitaa na kusema lengo lake ni kupeleka madaraka kwa wananchi. Basi. Fedha kiasi gani, nani anamwajibisha mkurugenzi wa halmashauri, hayo yote yameachiwa sheria za Bunge, na sheria ya Bunge inabadilishwa kwa kikao kimoja tu.

Kodi ya majengo ni mfano tosha. Ilikuwa chanzo cha halmashauri, mwaka 2016 ikahamishiwa TRA, yaani Mamlaka ya Mapato ya serikali kuu, na tangu 2021 inakatwa kwenye luku, ule umeme wa kulipia kabla. Mtaani kwetu kalavati limebomoka tangu masika ya mwaka juzi, bodaboda wanapita juu ya mbao mbili. Ukienda kwa mwenyekiti wa mtaa anakugongea muhuri kwenye barua, anakwambia "tumeshaipeleka juu". Juu wapi? Mkurugenzi kateuliwa na Rais, diwani tuliyempigia kura hawezi kumgusa.

Wakenya nao wana kelele zao, magavana kila mwaka wanalia pesa zimechelewa. Lakini angalau Katiba yao ya 2010 imeandika kabisa: kaunti 47, na zisipate chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa. Gavana ana pa kushika akienda mahakamani. Diwani wangu atashika nini, ule muhuri?