Tatizo Ni Mbio, Si Mrudishaji

Jumamosi iliyopita, kwenye mechi ya futiboli ya Kimarekani ya vyuo, nilimsikia mtangazaji akimsifu kijana kwa kukataa kucheza. Ulikuwa mkwaju wa kuanzia, ambapo timu moja inaupiga mpira mbali na mrudishaji wa timu nyingine anaudaka ili akimbie nao. Mpira ulikuwa unashuka kwenye yadi ya nane, yaani yadi nane kutoka mstari wa goli lake. Upande wa kushoto palikuwa na mwanya ambao hata mimi niliyekaa kwenye kochi niliuona. Kijana akainua mkono, akaudaka, akamrushia mwamuzi, na timu yake ikaanzia yadi ya 25. Mtangazaji akasema huo ni uamuzi wa busara.

Kilichoniudhi ni kwamba alisema kweli. Tangu 2018 sheria ya NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, iko hivi: ukitoa ishara ya mkono na kuudaka mpira popote ndani ya yadi yako ya 25, unahesabiwa tachibeki, yaani mchezo unakufa hapo na unapewa yadi ya 25, kana kwamba mpira ulitua endizoni, eneo lililo nyuma ya mstari wa goli. Kocha gani atamruhusu mtoto wa miaka 19 akimbie kutoka yadi ya nane, katikati ya watu kumi wanaomjia, mpira ukiweza kumponyoka wakati wowote, akitafuta kitu ambacho amekwisha kupewa bure? Makocha wanahesabu, na hesabu yao ni sahihi. Ndiyo maana siku hizi unaweza kukaa kuanzia saa sita mchana mpaka usiku, mechi baada ya mechi, na marudisho ya maana ukayahesabu kwa vidole vya mkono mmoja.

Sina ugomvi na kijana wala na kocha wake. Ugomvi wangu ni na waliotunga sheria hiyo. Waliiona hatari ya mkwaju wa kuanzia, wakakiri kwamba ipo, halafu wakatibu mahali pasipouma.

Hatari yenyewe mtu asiibeze. Tarehe 16 Oktoba 2010, Rutgers walikuwa wanacheza na Army, timu mbili za vyuo, pale Meadowlands, New Jersey. Eric LeGrand, kijana wa miaka 20, alishuka na mkwaju wa kuanzia, akamvaa aliyekuwa na mpira, na akabaki chini. Pingili mbili za shingo zilivunjika. Hakusimama tena kwa miguu yake. Miaka mitatu kabla yake, Septemba 2007, Kevin Everett wa Buffalo Bills, timu ya NFL, ligi kuu ya kulipwa, aliumia shingo kwenye mkwaju uliofungua kipindi cha pili dhidi ya Denver. Yeye alijaliwa kutembea tena.

Sasa tazama walikuwa wapi hawa wawili. Hakuna aliyekuwa na mpira mkononi. Wote walikuwa upande wa timu iliyopiga, wanashuka kwa kasi yote kwenda kukaba. Tunapojadili usalama wa mkwaju wa kuanzia tunamwangalia mrudishaji kwa sababu kamera inamfuata yeye, na sheria nayo imetungwa kumlinda yeye: inua mkono, hutaguswa. Kumbe uwanjani kuna watu wengine ishirini na mmoja.

Piga hesabu nami. Mpira unapigwa kutoka yadi ya 35 ya timu inayopiga, na katikati ya uwanja ni yadi ya 50. Mkwaju mzuri unakaa hewani sekunde nne hivi. Kijana mwenye mbio, akiwa kwenye kasi kamili, ndani ya muda huo amekwisha kula yadi 30 na zaidi. Kwa hiyo mpira unapogusa mikono ya mrudishaji, wakabaji wako karibu na yadi ya 35 ya upande wa pili, na hapo wanakutana na watu waliorudi nyuma wakageuka ili kuwazuia. Mgongano wa kwanza na ulio mkali mara nyingi umeshatokea, au uko njiani na hauzuiliki, kabla hatujajua kama mpira utarudishwa. Mkono ulioinuliwa kule nyuma unabadilisha nini hapo?

Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, anachezea chuo kidogo huku Ohio. Hana ufadhili wa michezo. Ada inalipwa nyumbani, na nafasi yake uwanjani ni hiyo tu, kushuka na mkwaju. Alipokuja kwangu mapumzikoni nilimwomba anioneshe. Tukatoka uani. Akachora mstari kwenye nyasi kwa kisigino, akarudi nyuma, akainama kidogo, mkono wa kushoto mbele.

"Mjomba, ukisikia mguu umegonga mpira, unafungua kila kitu. Hatua za mwanzo huangalii hata mpira uko wapi. Unaangalia njia yako."

Nikamuuliza, na yule anayekuja kukuzuia?

"Yule amempa mgongo mrudishaji wake. Mkono ukiinuka, mimi ninaweza kuuona. Yeye haoni kitu. Anajua tu kwamba nakuja."

Kisha akafungua simu akanionesha picha ya helmeti yake. Nyeupe, na juu ya sikio la kushoto mchirizi wa rangi ya kijani wenye urefu wa kidole, rangi iliyobanduka kwenye helmeti ya mwenzake. Nikauliza mpira huo ulirudishwa mpaka yadi ya ngapi.

"Haukurudishwa, Mjomba. Aliinua mkono."

Hapo ndipo hasira yangu inapoanzia. Kwenye takwimu, mkwaju huo umeandikwa tachibeki, yaani hakuna kilichotokea. Mtu anayesoma karatasi ataona mchezo umekuwa salama zaidi kwa sababu marudisho yamepungua. Mchirizi ule wa kijani haumo kwenye karatasi yoyote.

Basi likikimbizwa hovyo barabara ya Chalinze, huwaambii abiria washukie kituo cha karibu ukasema ajali umeipunguza. Unashughulika na mwendo wa basi. NCAA waliwahi kulifahamu hilo. Mwaka 2012 waliposogeza mkwaju kutoka yadi ya 30 hadi 35 na tachibeki kutoka 20 hadi 25, waliweka pia kipengele ambacho watu wachache wanakitaja: wakabaji wasianze zaidi ya yadi tano nyuma ya mpira. Kipengele hicho pekee kiligusa mbio zenyewe. Ila yadi tano za nyuma ni kidogo mno ukiwa umeachiwa yadi 30 za mbele, na baada ya hapo wakaachana na njia hiyo.

Najua nitaletewa mfano wa Ivy League, ligi ya vyuo vinane, na lazima nikubali kwamba ni hoja nzito. Mwaka 2016 vyuo vile vinane vilianza kupiga mkwaju kutoka yadi ya 40, na tachibeki wakairudisha yadi ya 20. Matokeo yalichapishwa mwaka 2018 kwenye jarida la JAMA: mitikisiko ya ubongo kwenye mikwaju ya kuanzia ilishuka kutoka takriban 11 kwa kila mikwaju 1,000 hadi takriban 2. Sitabishana na namba hizo. Kama mpwa wangu angekuwa Yale au Dartmouth ningewashukuru.

Lakini angalieni namna zilivyopatikana. Mpira uliopigwa kutoka 40 unapaa juu ya kila mtu, unaingia endizoni, na wote wanaona mapema kwamba umekwenda. Wanapunguza mwendo, wanageuka, wanarudi benchi. Ni kweli wamepona, na ni kweli pia kwamba mchezo haukuwepo. Mpira unaodakwa yadi ya nane kwa mkono ulioinuliwa sekunde ya mwisho hauwapi nafasi hiyo. Msichukue mafanikio ya Ivy mkayatumia kuitetea sheria ya 2018. Hayo ni mambo mawili tofauti. Ishara ya mikono kama herufi T ambayo NCAA waliishughulikia mwaka 2025, ambapo mchezaji yeyote wa timu inayopokea akiifanya mpira unahesabika umekufa na filimbi inalia, naiunga mkono kwa sababu hiyohiyo: filimbi inasimamisha watu.

Na dawa ipo, tena imekwisha kujaribiwa hapahapa Marekani. XFL, ligi nyingine ya kulipwa, waliileta mwaka 2020, NFL wakaichukua kwa namna yao mwaka 2024. Mpigaji anabaki yadi yake ya 35, lakini wenzake kumi wanasimama kwenye yadi ya 40 ya wapinzani. Wazuiaji wanasimama mbele yao, kati ya yadi ya 35 na ya 30. Hakuna anayeruhusiwa kunyanyua mguu mpaka mpira uguse ardhi au umguse mchezaji kule nyuma. Zile yadi 30 za kuchukua kasi zimefutwa. Watu wanakutana wakiwa wametengana hatua chache, wanasukumana kama kwenye mchezo wa kawaida wa kukimbiza mpira. Mkono ulioinuliwa hautambuliwi kabisa.

Msimu wa 2023 NFL walikuwa wanarudisha kama asilimia 22 tu ya mikwaju. Msimu wa 2024 ikapanda hadi kama 33, na wakati huohuo wakatangaza kwamba kiwango cha mitikisiko ya ubongo kwenye mikwaju hiyo kimeshuka kwa asilimia 43. Marudisho yameongezeka, vichwa vilivyoumia vimepungua. Bado timu nyingi ziliona afadhali kuupiga mpaka endizoni na kumpa mpinzani yadi ya 30, kwa hiyo mwaka 2025 wakaisogeza hadi 35, na sasa kuupiga endizoni kunauma. Mikwaju mingi inachezwa. Hicho ndicho kinachotokea ukishughulika na chanzo: hulazimiki tena kuchagua kati ya mchezo na shingo za vijana.

Wapo wanaosema mkwaju huo unaonekana vibaya, watu wamesimama kama sanamu wakingoja mpira udondoke. Unaonekana vibaya kwa wiki tatu, kisha jicho linazoea.

Kinachonisumbua zaidi ni mkwaju mfupi wa kushtukiza, ambapo timu iliyopiga inajaribu kuudaka mpira yenyewe. Kwa utaratibu wa NFL wa msimu wa 2025, ilikuwa lazima utangaze kabla kwamba unaupiga, na uwe nyuma kwa pointi. Hapo tutapoteza kitu, na sitaki kujifanya sioni. Fainali ya Januari 2016 kule Glendale, Arizona, Alabama na Clemson wako 24 kwa 24, robo ya nne. Adam Griffith anaudokoa mpira kando, Marlon Humphrey anaudaka, na uwanja mzima haujaelewa kilichotokea. Nililia siku ile, na wala sikuwa shabiki wa Alabama. Kwenye mpangilio mpya lile haliwezekani.

Lakini mechi hiyohiyo, dakika chache baadaye, Kenyan Drake aliupokea mkwaju akaurudisha yadi 95 hadi tachidauni, yaani bao. Alabama walishinda 45 kwa 40. Chini ya sheria ya 2018, mpira wa aina hiyo, unaodakwa kwenye yadi ya tano, ndio kocha anaomba uinuliwe mkono. Nikilazimishwa kuchagua kipi tubaki nacho, nachagua Drake.

Na kuna jambo ambalo vyumba vya kutunga sheria havilisikii. Vikosi maalumu, yaani wanaoingia uwanjani kwa ajili ya mikwaju tu, ndio mlango wa asiyejulikana. Wakenya mnamkumbuka Daniel Adongo, aliyetoka kwenye raga akaenda Indianapolis Colts mwaka 2013. Hakuwa amekulia kwenye mchezo huu, na uwanjani walimwingizia hapohapo, kwenye vikosi maalumu, kwa sababu hapo mtu mwenye mbio na moyo anaweza kufaa kabla hajaelewa kitabu kizima cha mbinu. Mpwa wangu ni hivyohivyo. Mkwaju wa kuanzia ndio unaompa kiti kwenye basi la safari na jezi yenye namba yake. Ukiufuta kabisa, kama wengine wanavyotaka, nyota hawapotezi kitu. Atakayerudi jukwaani ni yeye. Ukiuacha ulivyo sasa, ataendelea kukimbia kwa nguvu zote kwenda kugongana na mtu asiyeona, kwa ajili ya mchezo ambao umeshaamuliwa nyuma ya mgongo wa huyo mtu.

Sisemi NCAA wazima, na mamia ya vyuo vyao, wageuke mwakani. Ivy walikuwa vyuo vinane tu walipoanza, na namba zao zimesomwa nchi nzima. Basi konferensi moja ndogo, yaani kundi la vyuo vinavyocheza pamoja, ijitokeze. Msimu mmoja: mpigaji 35, wenzake kumi kwenye 40 ya wapinzani, hakuna mkono wa kuinua, tachibeki ya kuupiga endizoni iwe 35. Madaktari wa timu waandike kila kichwa kilichogongwa, si cha mwenye mpira peke yake, hata kile kilichogongwa kwenye mkwaju usiorudishwa. Watuletee daftari hilo Februari, makocha wanapokutana na kamati ya sheria, kabla hawajaanza tena kubishana kuhusu yadi ya 25.