Ua la hehuan: usingizi sawa, kiwewe je?

Kwenye maduka ya dawa za miti shamba Marekani huuzwa kichupa cha kahawia chenye kidondoshi, ndani yake maua ya mti yaliyolowekwa kwenye pombe. Matone machache chini ya ulimi, wauzaji wanasema, huondoa msongo wa mawazo, hupunguza machungu ya msiba, na wengine huongeza kwamba hutibu hata kiwewe cha vita au cha kubakwa. Mti wenyewe ni Albizia julibrissin. Wachina huuita hehuan, Wamarekani wa kusini huuita mimosa, na kwao umezagaa kandokando ya barabara hadi unahesabiwa kuwa magugu.

Madai haya hayakuzuka jana. Shennong Bencao Jing, kitabu cha dawa cha China kilichokusanywa zama za ufalme wa Han, kinausifu mti huu kwamba hutuliza moyo na kumwondolea mtu wasiwasi. Mpaka leo orodha rasmi ya dawa ya China inalitambua ua lake: gramu 5 hadi 10 kwa siku, zichemshwe. Gramu hizo ni nyingi kuliko zinavyosikika, maana ua likikauka hubaki vinyuzi vyepesi vya rangi ya udongo vinavyopeperuka ukivipumulia. Maabara nayo imechungulia. Mwaka 2000 watafiti wa Korea ya Kusini walitenga viambata viwili vya ua hilo, quercitrin na isoquercitrin, wakaona panya waliopewa dawa ya usingizi pamoja na viambata hivyo wanalala muda mrefu zaidi.

Kwa hiyo anayesema ua hili ni maji matupu anakosea. Lakini tuangalie ushahidi huo unasema nini hasa: panya walilala. Hakuna panya aliyekuwa akiruka kila mlango unapobamizwa, au akikwepa njia ile ile kila siku kwa sababu ya lililompata pale. Mtu mwenye msongo wa kazi na ada za shule akipata usiku mmoja wa kulala vizuri, kesho yake mzigo huwa umepungua kweli. Mwenye kiwewe anaweza kulala, na jinamizi likamfuata huko huko usingizini. Wauzaji wanayafunga mambo haya mawili kwenye kichupa kimoja, na hapo ndipo mimi naachana nao.

Kuna jambo jingine ambalo watetezi hulipita haraka. Kwa tabibu wa Kichina ua hili mara nyingi huchanganywa na dawa nyingine, tena baada ya kumshika mgonjwa mapigo ya mkono, kumtazama ulimi, kumuuliza anakulaje, analalaje, na nini kinamsumbua. Mgonjwa huambiwa arudi, na akirudi dawa inaweza kubadilishwa. Dawa imevuka bahari, tabibu amebaki kwao. Aliyeumizwa vibaya anaachiwa kichupa chumbani, peke yake, na mara nyingi upweke huo ni sehemu ya ugonjwa wenyewe. Isitoshe, mtu aliyekwishaanza kutafuta usahaulifu kwenye chupa ya pombe sioni busara ya kumpa dawa iliyolowekwa kwenye pombe, hata kama ni matone.

Sheria ya Marekani ya 1994 kuhusu virutubisho, ambamo vichupa hivi huhesabiwa, inawakataza watengenezaji kudai kwamba bidhaa hizo zinatibu ugonjwa. Ndiyo maana lebo huishia kwenye maneno mepesi kama “huleta utulivu”, na habari za kiwewe husemwa kwa mdomo.

Hata hivyo, wanaokejeli miti shamba wasijione wamemaliza. Mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo unaokataza wagonjwa kupewa dawa za hospitali za kutuliza na kulaza, za jamii ya Valium, kwa ajili ya dalili za msongo katika mwezi wa kwanza baada ya tukio la kuogofya. Kwa wenye kiwewe kilichokomaa, lilipendekeza tiba za mazungumzo zinazoligusa tukio lenyewe, zinazotolewa na mtu aliyefunzwa. Watu hao waliofunzwa wako wapi? Kwa Mkongo aliyekimbia vita na sasa yuko kambini, kumwambia “achana na majani, nenda kwa mtaalamu” ni ushauri wa mtu aliyeshiba. Akipata kikombe cha chai inayomlaza, na jirani wa kukaa naye wakati anakunywa, siwezi kumnyang'anya. Nitakachomkatalia ni kuacha dawa za hospitali kwa ajili ya kikombe hicho, au kuvichanganya bila kumwambia daktari.

Na msomaji wa huku kwetu asikimbilie mkenge wa uani, akaingia mkenge kwelikweli. Ni jamii moja na hehuan, ila jamii hiyo ni kubwa na tabia zake zinapishana mno. Wamasai na Wasamburu huchemsha gome la Albizia anthelmintica kutoa minyoo. Kusini mwa Afrika, maganda ya Albizia versicolor na Albizia tanganyicensis yameua ng'ombe: sumu ya mbegu zake huzuia kazi ya vitamini B6, mnyama akapata degedege, na madaktari wa mifugo humwokoa kwa kumdunga vitamini hiyo hiyo wakimwahi.