Nani Alimwagia Turner Juisi ya Embe?

Jana nilikaa saa nzima na nusu kwa daktari wa meno, taya limenivimba, na ukutani mbele yangu wamemtundika Turner, mchoraji Mwingereza wa karne ya 19. Ni picha yake ya mji wa Venice, Italia, ya 1834: jengo la forodha, kanisa la San Giorgio Maggiore ng'ambo ya maji, mitumbwi ya gondola imesongamana. Ila mchapaji aliona haijakolea. Kaimwagia rangi ya chungwa mpaka anga, maji na marumaru vyote vimekuwa juisi ya embe. Machweo ya kadi ya harusi.

Jamani, picha yenyewe ni ya mchana kweupe! Anga ya buluu, mawingu meupe, maji yanayoumiza macho. Huo weupe ndio kazi yote. Wachoraji wengi wa zamani walianza na kitambaa kilichopakwa rangi ya giza, kisha wakaupandisha mwanga kidogo kidogo. Turner alianza na nyeupe, akaweka rangi nyepesi juu yake, weupe ukapenya kutoka chini. Tazama picha za rangi za maji alizochora alipofika Venice mara ya kwanza, 1819. Kuna mahali mwanga ni karatasi tupu, hakuigusa kabisa. Alijua kuacha. Halafu wewe na mashine yako unakuja kuziba kila upenyo, umezima taa na bado unajisifu umepamba chumba.

Haya, njano aliipenda, sikatai. Wakosoaji wa London walimcheka kwa hilo.

Kinachonichoma zaidi, picha hii ina mwenzake. Tajiri wa pamba wa Manchester, Henry McConnel, aliyeagiza Venice, ndiye aliyeichukua na ya 1835: vibarua wa mto Tyne, Uingereza, wakipakia makaa ya mawe usiku, mbalamwezi huku, mienge na moshi kule. Forodha ya mji ambao biashara yake imekwisha kulala, na bandari isiyopata usingizi. Ukiigeuza ya kwanza kuwa jioni ya fungate, usiku wa Tyne unabaki unabishana na nani? Zote ziko Washington, jumba moja la sanaa. Ya makaa sijaiona kwenye ukuta wa kliniki yoyote.

Mzee aliyeketi kando yangu aliikodolea macho kwa muda, akaniuliza, "Mwanangu, huko kuna moto?"

Nilitikisa kichwa tu. Taya halikuruhusu zaidi.