Enalapril na kikohozi cha mgonjwa wa moyo: avumilie au aache?

Enalapril, dawa ya moyo na tansio, hukohoza baadhi ya wanaoimeza, hilo halina ubishi. Kimeng'enya kinachozuiwa na dawa hii ndicho pia huvunja bradikinini, kemikali ya mwili yenyewe. Bradikinini ikijaa kwenye njia za hewa, koo linawasha na mtu anakohoa kikavu, usiku na mchana. Captopril, ndugu yake, hufanya vilevile. Ubishi ni kwa mtu ambaye moyo wake umechoka kusukuma damu.

Wanaosema avumilie wana hoja nzito. Mwaka 1987 utafiti wa CONSENSUS ulifuata wagonjwa 253 mahututi wa moyo huko Skandinavia. Ndani ya miezi 6 walikufa asilimia 26 ya waliomeza enalapril, na asilimia 44 ya waliopewa vidonge visivyo na dawa. Upande wa pili nao hausemi upuuzi: asiyelala kwa kukohoa ataiacha kimyakimya, na daktari ataongeza dawa nyingine juu yake akidhani bado anaimeza.

Mimi nauliza kwanza: ni kikohozi gani? Hapa Bukavu siro ya kikohozi hununuliwa kabla ya swali hilo. Akikohoa zaidi akilala, akaongeza mto wa pili na wa tatu, bonyeza mfupa wa mguu kwa kidole gumba. Shimo likibaki, na uzito umepanda kilo 2 kwa siku 3, hayo ni maji. Huyo anahitaji furosemide, dawa ya kukojoza maji hayo, na kumnyima enalapril ni kumzamisha. Kikohozi cha wiki 2 chenye homa, jasho la usiku na kukonda, apimwe makohozi, huenda ni kifua kikuu.

Kama hakuna hayo, abadilishiwe losartan, ambayo haigusi kile kimeng'enya. Leo enalapril ya mwisho, kesho losartan, bila pengo na bila kuchanganya. Huanzwa na miligramu 25 au 50 kwa siku, ikipandishwa polepole hadi 150 kama tansio inaruhusu. Wengi huachwa kwenye 50 miaka na miaka, kosa la kizembe. Kikohozi huisha kwa wiki 1 hadi 4, mara nyingine miezi 3. Kisipoisha, enalapril ilisingiziwa.

Losartan nayo hupandisha potasiamu na kuelemea figo, hasa mgonjwa akiwa na spironolactone, dawa nyingine ya moyo, au akinunua diclofenac ya maumivu ya magoti sokoni Kadutu. Kreatinini, inayoonyesha hali ya figo, na potasiamu zipimwe baada ya wiki 1 au 2. Kipimo hicho hulipwa mfukoni, ndiyo maana hurukwa. Mwenye mimba asipewe enalapril wala losartan.

Midomo, ulimi au uso ukivimba, hapo hakuna mjadala. Aache enalapril papo hapo, aende hospitali hata uvimbe ukianza kushuka, na asiimeze tena maishani. Iandikwe kwa kalamu nyekundu juu ya fishi yake, yaani kadi ya matibabu, pamoja na captopril, maana farmasi nyingine itampa hiyo ikidhani ni dawa tofauti.