In Utero haikuwa kosa

"Yaya, hii waliirekodi jikoni?" Kijana mmoja mpiga gitaa wa hapa Katuba, Lubumbashi, aliniuliza hivyo Jumapili, nilipomwekea In Utero, albamu ya Nirvana, kundi la rock la Marekani. Yeye anaipenda Nevermind, albamu yao ya 1991 iliyomng'oa Michael Jackson kileleni mwa Billboard, chati ya mauzo ya Marekani, Januari 1992. Kundi lililopendwa namna ile, anasema, lingewezaje kuwapa watu rekodi chafu hivi, gitaa linalokwaruza na sauti iliyomezwa na ngoma?

Hasemi ovyo. In Utero iliingia namba 1 Marekani Septemba 1993 kwa nakala kama 180,000 wiki ya kwanza, lakini haikuifikia Nevermind, ambayo huko Marekani peke yake imepita milioni 10. Na wanamuziki wenyewe waliingiwa na shaka: kazi ikiwa imekwisha, walimpa mtayarishaji mwingine, Scott Litt, "Heart-Shaped Box" na "All Apologies" azichanganye upya. Ila hizo ni nyimbo 2 kati ya 12.

Neno "chafu" ndilo nisilolikubali. Steve Albini, aliyewarekodi Minnesota kwa wiki mbili hivi Februari 1993, alitega mikrofoni ili chumba chenyewe kisikike. Sikiliza "Scentless Apprentice" inavyoanza: Dave Grohl anapiga ngoma, na ukuta unamjibu. Sisi wa Lubumbashi tungekuwa wa kwanza kulielewa hili. Hugh Tracey, mtafiti wa muziki wa Afrika, alimrekodi mpiga gitaa Jean-Bosco Mwenda huko Jadotville, Likasi ya leo, mwaka 1952, kwa mashine aliyokuwa akisafiri nayo. Gitaa moja na mtu mmoja. Nani hapa kwetu amewahi kulalamika kwamba "Masanga", wimbo wake wa siku zile, haikusafishwa?

Lakini kinachonirudisha kwenye albamu hii kila mara ni malipo. Kabla ya kuanza, Albini aliwaandikia barua kwamba hataki asilimia ya mauzo. Alipwe kama fundi bomba, kazi ikiisha basi. Alipiga hesabu: zikiuzwa nakala milioni 3, fungu la mtayarishaji lingefika dola 400,000 hivi, na pesa kama hizo zingemnyima usingizi. Akachukua 100,000, mara moja. Tafakari maana yake. Anayelipwa kwa kila nakala ana sababu ya kuulainisha wimbo mpaka usimkere mtu yeyote, kwa sababu kila anayekerwa anampunguzia. Aliyelipwa kazi yake hana wa kumridhisha ila wale wanne au watano waliomo chumbani. Ugumu wa sauti ya In Utero umeanzia hapo, kwenye mkataba, kabla hata waya moja haijachomekwa. Albini alifariki Mei 2024, na katika mamilioni ya nakala zilizouzwa hakudai asilimia yake.

Ndiyo maana sikubishana sana na kijana wangu kuhusu gitaa. Nilimuuliza habari za fundi wake wa kurekodi. Ana nyimbo sita tayari, za kufuata ule mmoja uliochezwa mpaka kwenye harusi za mitaa yetu ya Kenya na Kamalondo, na fundi anataka nusu ya kila kitakachoingia kupitia intaneti, bila malipo ya mwanzo. Nikamwomba alipe siku za kazi, hata kama pesa zake zitatosha nyimbo tatu tu.